Mitutu miwili ya baba mkwe: ipimwe kwanza

Kaka, hiyo Stevens geji 16, bunduki ya marisawa ya mitutu miwili uliyorithi huko Pennsylvania usikimbilie nayo kwa sungura. Fundi wa bunduki apime chemba kwanza, yaani pale risasi inapokaa, maana chemba za geji 16 nyingi za zamani ni fupi kuliko risasi za leo za inchi 2¾. Ukiona mitutu ina michirizi kama ya mkeka, hiyo ni Damascus, mitutu ya vipande vya chuma vilivyosokotwa na kuunganishwa: itundike ukutani.

Jaribio la nyumbani: hakikisha haina risasi, vua mitutu, ining'inize kwa uzi, igonge kwa kijiti. Ikilia kama kengele, nzuri. Ikilia kama debe bovu, ulehemu unaoshikanisha mitutu umeachia, usiifyatue.

Ufa wa kitako gundi inatosha, ila futa mafuta ya miaka yote hiyo, la sivyo haishiki. Ukitaka kuwinda bata? Huko Marekani marisawa ya madini ya risasi yamekatazwa kwa bata tangu 1991, na ya chuma yataumiza mitutu. Tumia ya bismathi, japo bei yake, mh!