Undugu hauna muhuri: kwa wanaotaka kuvuka Ruvuma kutafuta maisha

Vijana wananiuliza sana siku hizi, wa hapa Mtwara mjini na wengine wa Newala na Tandahimba, kaka hivi Msumbiji kunaendekaje, na kabla sijajibu wanajiongezea wenyewe, "ila kule si kwetu tu, Wamakonde wenzetu." Hapo ndo pananiuma na ndo nataka tuongee vizuri.

Mimi nimeishi Montepuez, kule mkoa wa Cabo Delgado kaskazini mwa Msumbiji, nauza mitumba na kanga, Mueda pia nimekaa, na wazee wa upande wa mama walitokea hukohuko Mueda wakaja huku miaka ya 60, baada ya Wareno kuua watu Mueda tarehe 16 Juni 1960 na vita vya ukombozi vilivyoanza 1964. Kwa hiyo undugu naujua na umenilisha. Undugu utakupa pa kulala, utakupa ugali wa muhogo na mtu wa kukuonyesha soko lilipo. Lakini siku ya msako hakuna atakayekuuliza ukoo wako, utaulizwa karatasi.

Mwaka 2017 mwezi wa pili wengi mnaukumbuka, Watanzania walifukuzwa Msumbiji, hasa wa kule Montepuez kwenye rubi. Ile rubi iligunduliwa 2009 na watu wakamiminika, wetu, Wamsumbiji wa mikoa mingine, watu wa Afrika Magharibi, kila mtu na ndoto yake ya nyumba ya bati na bodaboda mbili. Uchimbaji mwenyewe wengi hawakuufanya, walipika, walinyoa nywele, waliuza vocha, yaani watu wa kawaida kabisa. Jirani yangu mama mmoja wa Masasi alikuwa anauza chapati na chai, kibali chake cha ukaazi, ile kadi wanaita DIRE, alikuwa haiachi, ipo kwenye kimfuko cha nailoni ameifunga kiunoni ndani ya kanga hata akiwa anakanda unga. Tulikuwa tunamwona mwoga. Msako ulipokuja naye aliondoka kama wengine, sitaki kuwadanganya kwamba karatasi ni kinga ya kila kitu, wapo waliokuwa nazo na zikadharauliwa. Ila mambo yalipotulia yeye alirudi kwa njia halali, akagonga muhuri, akaenda kwa katibu wa mtaa aliyekuwa anamjua kwa jina, akadai friza lake na meza zake akapewa. Mdogo wake ambaye aliingia kwa mtumbwi bila chochote, alitoka na mtoto mgongoni na sufuria, magunia yake ya unga mpaka leo hajui yaliishia wapi, na hana pa kuuliza maana kwa maandishi hakuwahi kuwepo kule.

Sasa ndugu zangu, kama unaenda, anza na pasipoti. Hii ya kielektroniki iliyoanza 2018 ada yake ilitangazwa shilingi 150,000, najua ni hela, msimu wa korosho ukiwa mbaya ni hela kubwa sana, lakini mtu huyohuyo anayelalamika utamkuta kabeba mzigo wa milioni na nusu begani. Kama safari ni fupi kuna hati ya dharura, waulize Uhamiaji. Kadi ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, usiisahau. Vuka kwenye mpaka wa Kilambo au daraja la Mtambaswala, gongesha muhuri wa kutoka kwetu na wa kuingia kwao, angalia kwa macho yako umepewa siku ngapi usiambiwe na kondakta. Njia za panya ziache, kiangazi mto ukipungua unaona watu wanavuka kwa miguu unatamani, ila mamba wapo na mamba si tatizo kubwa kuliko yote, tatizo ni kwamba ukiingia hivyo kila mtu atakayekukamata huko mbele ana bei yake juu yako, na utalipa, na kesho utalipa tena.

Kitu kingine watu hawakielewi, ule muhuri wa kuingia ni wa kutembea, sio wa kufungua kibanda. Ukitaka kukaa na kufanya biashara unahitaji kibali cha ukaazi na leseni. Ni mlolongo, ni Kireno mwanzo mwisho, utahitaji mwenyeji anayesoma vizuri na mwaminifu, na risiti za kila unacholipia. Kuna watu watakuja na njia fupi, watakuambia lete picha mbili na hela tukutengenezee kitambulisho cha raia wa kule, Kimakonde si unaongea. Usithubutu. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na siku ukirudi na kile kitambulisho mfukoni utajieleza kwa watu wa nchi zote mbili kwamba wewe ni nani.

Jifunze Kireno hata cha sokoni. Kiswahili utaelewana nacho pwani na Mueda, lakini ukifika Montepuez ni Kimakua, na ofisini popote ni Kireno tu. Na ukipata hela usizirundike ndani kwa metikali, hela ya kule, kila ukipata nafasi tuma nyumbani, nunua bati, lipia kiwanja, ubaki na mtaji wa kuzungusha tu. Matatizo yakitokea ubalozi wetu uko Maputo, na kutoka Montepuez Maputo ni mbali kuliko Dar.

Kuhusu usalama siwezi kunyamaza. Vita ya wale wapiganaji wenye msimamo mkali ilianza huko Cabo Delgado, mji wa Mocímboa da Praia, Oktoba 2017, Palma ikashambuliwa Machi 2021 na ule mradi wa gesi wa Afungi jirani na hapo ukasimama. Mtu asikuite Palma kwa simu tu kwamba kuna kazi. Waulize madereva wa malori waliotoka huko wiki hiyohiyo, na wakikuambia subiri, subiri.

Halafu kuna maneno ya huku kwetu, kwamba Wamsumbiji wamejaa, wanachukua vibarua vya palizi na kupulizia mikorosho, wengine ni magaidi. Hofu ipo na sio ya bure, kijiji cha Kitaya hapa Mtwara kilivamiwa na wapiganaji haohao Oktoba 2020 na watu walikufa, siwezi kumwambia mtu wa Kitaya asiogope. Lakini mwaka 2021 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilisema zaidi ya Wamsumbiji 9,000 walirudishwa kutoka nchini kwetu, na wengi walikuwa wanakimbia vita hiyohiyo tunayoiogopa sisi, kina mama na watoto. Mimi hili sikubaliani nalo na nasema wazi. Wazazi wa wengi wetu walipokelewa hivyohivyo, kambi ya Rutamba kule Lindi ilikuwa ya watu wa Msumbiji. Na kibarua kinacholipwa nusu bei kinalipwa na mwenye shamba, huyo mbona hatumsemi?

Kwa hiyo ukigongewa mlango na mtu anayekimbia, mpe maji na chakula, asubuhi nenda naye kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inampa siku 7 za kujitokeza. Ukimficha unajiweka wewe na yeye kwenye kesi. Na kumchongea mtu Uhamiaji kwa sababu mmegombana mpaka wa shamba, hapana jamani, nimeona familia ikiteseka kwa hilo.

Mwisho ni nyie wenzangu ambao babu alizaliwa ng'ambo. Kwenye kitambulisho cha NIDA maswali ya wazazi na mababu yapo na huku mpakani yanaulizwa kwa kirefu. Usisubiri siku unayotaka pasipoti. Tafuta cheti cha kuzaliwa RITA, weka kadi ya kliniki, cheti cha darasa la saba, na kama kuna mzee anayejua mlivyofika mpeleke kwa mtendaji akiwa bado ana nguvu za kwenda, yaandikwe, yagongwe muhuri, nakala moja abaki nayo mama nyumbani.