Ute wa yai la kuku wa kienyeji: si kila mstari kwenye jeli ni aleli

Kazi ya kutambua aleli (matoleo tofauti ya jeni moja) za protini za ute, kwa kuzitenganisha kwa umeme kwenye jeli, huharibikia kiotani kabla ya kufika maabara. Yai lililookotwa kwenye kiota cha mitetea watatu halina mama anayejulikana, kwa hiyo halifai. Mtenge kila mtetea, chukua yai moja tu kwake, na uepuke ndugu. Mitetea 50 wasio na undugu wa karibu ni mwanzo mzuri.

Tumia mayai mabichi ya siku hiyo. Yai likikaa, kabonidayoksaidi hutoka kupitia ganda, pH ya ute hupanda kutoka takriban 7.6 hadi kuzidi 9, na ovalbumini, protini kuu ya ute, huanza kugeuka S-ovalbumini, umbo lake lililo imara zaidi. Changanya ute mzito na mwepesi polepole bila kutoa povu, uzimue kwa bafa (kimiminika kinachoshikilia pH), kisha uzungushe kwenye sentrifuji ili ovomusini, protini inayoufanya ute uwe mzito, ishuke chini ikiwa imeganda. Andaa vipimo viwili vya kuzimua: 1:20 kwa ovalbumini, ambayo peke yake ni zaidi ya nusu ya protini zote, na 1:5 kwa ovoglobulini, protini nyingine za ute, ambazo hufifia ukizimua mno.

Jeli isiwe na SDS, aina ya sabuni ya maabara. SDS huifunika protini kwa chaji hasi, nayo hutembea kwa ukubwa wake tu. Aleli zinazotofautiana kwa chaji ya asidi amino moja zitaonekana sawa. Kwenye bafa ya pH 8.3 usitafute lisozaimu, protini nyingine ya ute, kwani hukimbilia upande wa hasi, kinyume na nyingine.

Sasa mtego wenyewe. Ovalbumini ya mtetea mwenye aleli moja tu huweza kutoa mistari mitatu, kwa sababu molekuli zake hubeba fosfeti mbili, moja au sifuri. Aleli nyingine husogeza kundi lote la mistari, na chotara, yaani mwenye aleli mbili tofauti, huonyesha makundi yote mawili. Ovotransferini, protini ya ute inayobeba chuma, nayo hugawanyika kulingana na chuma ilichobeba. Ongeza chuma kidogo kwenye sampuli zote, ishibe.

Ukipata mitetea AA 32, AB (chotara) 14 na BB 4, kiwango cha aleli A ni (64+14)/100, yaani 0.78. AB waliotarajiwa ni 2 × 0.78 × 0.22 × 50, yaani takriban 17. AB wakipungua zaidi ya pengo hilo, shuku makundi mawili ya kuku yaliyochanganywa au kuzaliana kwa ndugu.

Jogoo hatagi, lakini ovotransferini ya ute na transferini ya damu hutoka kwenye jeni moja, hivyo plazma yake inatosha.