Saa ya babu haijafa, bonyeza kitufe cha chini

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu babu, aliyekuwa karani bandarini hapa Kigoma, ameniachia saa ya mkono ya kutia ufunguo, rangi ya dhahabu, yenye vitufe viwili ubavuni na visaa viwili vidogo ndani ya uso. Usoni imeandikwa "Chronographe Suisse". Majira inashika vizuri. Tatizo ni kitufe cha juu: kinauanzisha ule mshale mrefu mwembamba, lakini hakiusimamishi hata nibonyeze mara kumi. Fundi mmoja wa huku Mwanga anasema mashine imekufa upande huo. Anataka aitengeneze, aipige polishi bodi, na uso aupake upya kwa sababu una madoa. Nimpe?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na babu.

Usimpe kwanza. Chukua saa, anzisha mshale kwa kitufe cha juu, kisha bonyeza cha chini mara moja. Umesimama? Bonyeza hicho hicho cha chini mara ya pili. Ukiona umeruka ukarudi juu kabisa, saa yako ni nzima.

"Chronographe Suisse" si jina la kiwanda, ni Kifaransa tu cha kronografu ya Uswisi, yaani saa yenye kipima muda cha kuanzisha na kusimamisha. Ndani ya saa nyingi zenye maandishi hayo nimezoea kukuta mashine ya Landeron, hasa namba 48, na hiyo ina tabia yake: kitufe cha juu kazi yake ni kuanzisha peke yake, cha chini ndicho kinasimamisha, na kikibonyezwa tena kinarudisha kwenye sifuri. Mashine nyingine kama Valjoux na Venus, hata saa ya Omega Speedmaster, haziko hivyo. Kwa hizo cha juu kinaanzisha na kusimamisha, cha chini kinarudisha tu. Fundi aliyezoea hizo akishika Landeron lazima aseme imekufa. Simlaumu sana, ila asingegusa kitu kabla ya kusoma namba iliyopigwa kwenye mashine, karibu na balansi, lile gurudumu linalocheza huku na huku.

Kama cha chini nacho hakifanyi kitu, au mshale unarudi nusu njia, mara nyingi ni mafuta yaliyokauka yakawa gundi. Hapo mashine ifunguliwe, ioshwe, itiwe mafuta ya saa. Si mafuta ya cherehani! Na mfuniko wa nyuma usifunguliwe kwa kisu cha jikoni. Karibu kila saa ya zamani ninayoletewa ina kovu la kisu pale ukingoni.

Sasa polishi. Tazama mgongoni au ndani ya mfuniko. Ukiona 0,750 na kichwa kidogo cha mwanamke, hiyo ni dhahabu ya karati 18, lakini usidhani ni nzito. Bodi hizi zilifanywa nyembamba mno, na gurudumu la polishi linaweza kulitoboa bati lake. Ukiona "plaqué" na idadi ya maikroni, ni dhahabu ya kupaka juu, na ukiisugua inatokea shaba. Kwa vyovyote vile unapoteza.

Nikiwa bado najifunza kazi, mzee mmoja wa reli hapa Tabora aliniletea kronografu yake. Nikaipiga polishi ikang'aa kama sinia la harusi. Pembe zote zililainika kama sabuni iliyotumika nusu, na maneno aliyochongewa mgongoni siku ya kustaafu yakawa hayasomeki tena. Hakunigombeza. Alilipa, akaondoka, hakurudi.

Kitu pekee unachoruhusiwa kusugua ni kioo, maana hicho ni plastiki ngumu. Dawa ya meno kidogo, kitambaa laini, dakika tano, mikwaruzo midogo inaondoka.

Uso ndio usiguswe kabisa. Madoa ni umri wake. Uso uliopakwa upya unajulikana mara moja kwa lenzi: mistari ya dakika haikai sawa na namba, ukingo wa visaa umefifia, na neno "Swiss" pale chini limepinda au halipo. Mnunuzi anayejua akishaona hayo bei inaanguka, na huwezi kuirudisha. Sikudanganyi, hata ikiwa safi haitakujengea nyumba Gungu. Landeron zilitengenezwa nyingi sana. Lakini ikiwa na uso wake, mishale yake na vitufe vyake, itabaki kuwa saa ya babu yako.

Kuna sababu nyingine ya kuuacha uso. Namba au mishale ikiwa na rangi ya kahawia iliyokuwa iking'aa gizani, saa za kabla ya miaka ya 1960 zilipakwa radiamu, madini yenye mionzi ya hatari. Usidanganywe na kwamba haing'ai tena. Kilichokufa ni ile dawa ya kung'aa. Radiamu yenyewe huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Ndani ya kioo haikusumbui, lakini atakayeikwangua atavuta vumbi lake. Kukiwa na herufi T kila upande wa "Swiss", hiyo ni tritiamu, dawa nyingine ya kung'aa, ambayo ni ya baadaye na hatari yake ni ndogo zaidi.

Itie ufunguo asubuhi, ukihisi imekaza acha. Usiiache kronografu ikikimbia siku nzima, inakula meno ya magurudumu bure. Na usipande nayo mtumbwi Kibirizi, maana haizuii maji.

Mwisho, chunguza ukingo wa uso. Saa hizi nyingi zina safu mbili za namba. Moja ni ya mwendo: gari likimaliza kilomita moja mshale ukiwa sekunde ya 45, utasoma 80, yaani kilomita 80 kwa saa. Nyingine ni ya sauti. Mvua zikianza huko kwenu, kaa barazani. Ukiona radi imemulika juu ya ziwa, bonyeza cha juu. Ukisikia ngurumo, bonyeza cha chini. Pale mshale uliposimama ndipo kilomita zilipo, takriban moja kwa kila sekunde tatu.