Maswali ya Wasomaji: Mtengenezaji wa gemu amsikilize shabiki hadi wapi?

SWALI: Mhariri, nimecheza gemu moja kwa miaka mitatu, na kila toleo jipya linapotoka naona madai ya mashabiki yametimizwa huku utamu wa gemu yenyewe ukizidi kupungua. Je, watengenezaji watusikilize kwa kiasi gani?

JIBU: Ndugu msomaji, lalamiko ni kitu kimoja na dawa inayopendekezwa ni kitu kingine. Mchezaji akisema kwamba anakerwa, hakuna haja ya kubishana naye. Akishaanza kuagiza dawa, mtengenezaji ana haki ya kusita. Chukua bosi, yaani adui mkuu wa hatua fulani ya gemu, ambaye wengi wanataka apunguziwe nguvu. Mtengenezaji akikaa kando ya mchezaji mmoja na kumtazama, huenda akagundua kwamba kinachomchosha si bosi, bali ni kule kurudishwa mbali kila anapouawa, akakimbia dakika mbili nzima katika njia ileile kabla ya kupigana tena. Hapo panaposogezwa ni mahali pa kuanzia upya, na bosi anabaki na ukali wake.

BioWare, kampuni ya kutengeneza gemu, walifanya jambo linalokaribiana na hilo. Gemu yao Mass Effect 3 ilipotoka Machi 2012, mashabiki wengi walidai mwisho wake ubadilishwe; Juni mwaka huohuo kampuni ilitoa nyongeza ya bure iliyourefusha na kuufafanua mwisho uleule. Wapo ambao hawakuridhika hata hivyo, lakini kwa maoni yangu ulikuwa uamuzi wa busara.

Nikiri pia kwamba kuna nyakati shabiki hujua hasa anachokitaka. Mwaka 2013 kiongozi mmoja wa kampuni ya Blizzard alimjibu shabiki aliyeulizia toleo la zamani la gemu yao ya mtandaoni, World of Warcraft, kwamba mashabiki wanadhani wanaitaka, ilhali hawaitaki. Agosti 2019 kampuni hiyohiyo iliizindua upya, na wachezaji wakapanga foleni ndefu kuingia kwenye seva.

Kuhusu gemu yako, nashuku watengenezaji wanawasikiliza wanaopaza sauti tu, ambao mara nyingi ni wakongwe, huku anayeanza leo akichoka na kuondoka bila kuandika neno. Ukiwaandikia, usiwaambie warekebishe nini. Waeleze ulikuwa hatua ipi, ulijaribu mara ngapi, na ni wakati gani hasa ulipotamani kuizima.