Utalii na wenyeji: majibu ya barua zenu

Barua nyingi safari hii zimetoka pwani, na nyingi zinalalamikia maji. Naanza na hilo, kisha tupande mlimani na kumalizia Mara.

Kisima chetu hapa Jambiani kilikuwa na maji matamu tangu enzi za bibi. Tangu hoteli ziongezeke, maji yamekuwa na chumvi. Tunaambiwa ni ukame tu. Ni kweli? (Mama wa Jambiani)

Ukame unachangia, mama, lakini si jibu lote. Pwani ya mashariki ya Unguja imekaa juu ya jiwe la matumbawe lililojaa matundu. Mvua ikinyesha, maji huzama moja kwa moja, yakatulia juu ya maji ya bahari yaliyo chini ya ardhi, kama mafuta juu ya mchuzi. Tabaka lenyewe ni jembamba. Ndoo na kamba haziliumizi. Pampu kubwa ikilivuta usiku na mchana, kushinda kiasi ambacho mvua inarudisha, bahari hupanda kutoka chini na kuingia kisimani, na chumvi ikishaingia huchukua muda mrefu kutoka.

Mwaka 2012 shirika la Uingereza la Tourism Concern lilitoa ripoti kuhusu Nungwi, Kiwengwa na kijiji chenu cha Jambiani. Iligundua kwamba mtalii mmoja anatumia maji mara 16 ya mwenyeji. Yanaishia kwenye bwawa la kuogelea, bustani ya majani mabichi na mashuka yanayofuliwa kila siku, katika kijiji ambacho mtoto anaoga kwa kopo.

Msikubali kuambiwa kwamba hoteli haiwezi kufanya vingine. Kisiwa cha Chumbe, kusini ya Mji wa Zanzibar, kinapokea wageni kwenye nyumba saba tu. Mapaa yake mapana ya makuti yanakinga mvua, maji yanachujwa na kuhifadhiwa kwenye birika chini ya nyumba, na vyoo havitumii maji. Walinzi wa kwanza wa matumbawe yake walikuwa wavuvi wa maeneo hayo hayo, waliofundishwa kazi.

Cha kufanya: Zanzibar ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2015, inayotaka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira. Mwandikieni sheha barua, na nakala mpeleke ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar, mkiomba kuelezwa tathmini ya hoteli jirani ilisema nini kuhusu maji. Waombeni ZAWA, mamlaka ya maji, wapime chumvi ya kisima, na muombe kipimo kingine baada ya masika. Mtu akisema "maji yameharibika" atasikilizwa na kusahauliwa. Akiwa na vipimo viwili vyenye tarehe, itabidi ajibiwe.

Tunakuja Unguja na watoto kutoka Mombasa. Wanataka kuogelea na pomboo Kizimkazi. Kuna ubaya?

Karibuni sana, ila watoto wabaki ndani ya boti.

Zamani wavuvi wa Kizimkazi walikuwa wakiwaua pomboo ili wapate chambo cha papa. Miaka ya 1990 wageni walipoanza kulipa ili wawaone, pomboo aliye hai akawa na thamani kuliko aliyekufa, na uwindaji ukaisha. Hiyo ni faida ya kweli ya utalii, wala siipuuzi. Taabu ipo kwenye asubuhi za msimu: boti zinalizingira kundi moja, injini zinanguruma, watu wanajitosa mbele ya mama na mtoto wake. Watafiti waliowafuatilia pomboo hao waliona kwamba boti zikiwepo wanapumzika kidogo, wanakula kidogo, na muda mwingi wanautumia kuhama.

Zungumzeni na nahodha kabla hamjapanda. Mwambieni hamtaki kukimbiza wala kukata njia mbele ya kundi, na mkikuta boti nyingi mtakaa mbali. Kisha mwambieni kwamba hata msipowaona pomboo, pesa yake ipo palepale. Hilo ndilo kubwa. Nahodha anakimbiza kwa sababu anaogopa mgeni atanuna na bakhshishi itapotea. Mwondoleeni hofu hiyo, naye atawaendesheni vizuri.

Na kwa kuwa mko Mombasa, siku nyingine shukeni Kwale. Kule Wasini akina mama wana njia yao ya mbao inayopita kwenye mikoko na matumbawe ya kale, na kiingilio mnakilipa kwao wenyewe.

Mimi na wenzangu wa ofisini, Dar, tunataka kuwa kileleni Kilimanjaro tarehe 9 Desemba. Kampuni moja ina bei ya chini mno kuliko nyingine. Tuichukue?

Ulizeni kwanza nani anaifidia hiyo tofauti. Ada ya hifadhi haipungui kwa sababu kampuni ni ya bei rahisi. Mchele, gesi na mafuta ya gari vina bei inayojulikana Moshi nzima. Kinachobaki cha kukatwa ni ujira wa wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, chakula chao na mahali pao pa kulala.

Mkifika geti la Machame, tazameni mzani. Mzigo wa mgumu unapimwa pale, na kikomo ni kilo 20. Anaubeba kichwani au shingoni, begi lake mwenyewe likiwa mgongoni, na njiani anawapita nyie mnaotembea na chupa ya maji, kwa sababu lazima awahi kusimamisha hema lenu. Usiku, kwenye kampuni mbovu, analala na wenzake kwenye hema la chakula baada ya nyie kumaliza kula. Kule juu kuna barafu.

Basi iulizeni kampuni: mgumu analipwa kiasi gani kwa siku, na analipwa lini? Anakula mara ngapi? Analala wapi? Wakianza kuzungukazunguka, ondokeni. Kilimanjaro Porters Assistance Project inafuatilia mambo haya tangu 2003 na ina kampuni washirika inazozikagua. Anzieni huko.

Tipu itoeni mbele ya kikosi kizima, mkitaja kwa sauti kila mmoja anapata kiasi gani. Naona baadhi yetu tunaichukulia tipu kama jambo la Wazungu. Mzigo wa Mtanzania una kilo zilezile.

Tunarudi likizo kutoka Minnesota. Wanangu wamenunua pipi na kalamu za kugawia watoto barabarani.

Msigawe barabarani. Mtoto akizoea kupata kitu kwa mgeni, anajifunza kuomba, na kesho atatoroka shule ili awahi magari. Kalamu mpelekeeni mwalimu mkuu, baada ya kumuuliza shule inahitaji nini hasa. Na mkialikwa kuzuru kituo cha yatima kama sehemu ya matembezi, kataeni kabisa. Mtoto si kivutio.

Baba alikodisha ardhi yetu kwa hifadhi ya jamii kando ya Maasai Mara. Kodi inaingia, lakini mama na sisi mabinti hatuioni, na ng'ombe wamezuiwa malisho. Utalii huu unamfaa nani? (Msomaji wa Narok)

Swali lako limenigusa, kwa sababu mpango huu ni miongoni mwa mipango ninayoitetea. Ranchi za kikundi, yaani ardhi iliyomilikiwa kwa pamoja, zilipogawanywa, kila familia ikapata hati yake, na hifadhi kama Olare Orok, iliyoanza 2006, zikaja na wazo zuri: kambi zinalipa kodi kwa ukubwa wa ardhi, si kwa idadi ya wageni, na idadi ya mahema ina kikomo. Fedha inamfikia mwenye hati moja kwa moja. Corona ilipoingia 2020 tuliona udhaifu wa kutegemea wageni peke yao, lakini bado ni afadhali kuliko pesa kupotelea ofisini.

Kasoro uliyoitaja ni kubwa kuliko hiyo. Hati nyingi ziliandikwa majina ya wanaume, kwa hiyo kodi inafuata jina. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 60, inataka ubaguzi wa kijinsia katika mambo ya ardhi uondolewe, hata ule wa kimila. Usianze kwa kugombana na baba. Nenda na mama kwa kamati ya hifadhi, muulize mkataba unaisha lini, na siku ya kuujadili upya mama aingie kikaoni na madai mawili yaliyoandikwa: sehemu ya kodi iingie kwenye M-Pesa yake, na ratiba ya malisho ya zamu iwekwe ndani ya mkataba, miezi ya kiangazi ikitajwa kwa majina.