Nani anauendesha moyo ukiwa umelala?

Maswali ya wiki hii yametoka kwa watu mbalimbali, lakini yote yanagusa jambo moja: mwili kufanya kazi zake bila kumwomba mwenyewe ruhusa.

Nilikutana na mbwa mkali uchochoroni. Nilipona, lakini moyo ulidunda na mdomo ukakauka kabisa. Nani alitoa amri?

Miguu uliikimbiza wewe. Moyo na mate vina mwendeshaji mwingine, yaani mfumo wa neva unaojiendesha, wenye matawi makuu mawili. La kwanza, simpathetiki, huanzia kwenye uti wa mgongo, kifuani hadi kiunoni, na neva zake hupitia vifundo vilivyojipanga kandokando kama shanga. Likiamka, moyo huenda mbio, njia za hewa na mboni hupanuka, ini humwaga sukari kwenye damu, na tumbo hupunguziwa damu ili misuli ipate zaidi. Tezi zilizo juu ya figo nazo humwaga adrenalini, ndiyo maana mbwa alishaondoka na wewe bado unatetemeka.

Tawi la pili, parasimpathetiki, hutoka kwenye shina la ubongo na sehemu ya chini kabisa ya uti wa mgongo. Hilo ndilo la mate, usagaji wa chakula na utulivu.

Kwa hiyo moja huwasha na jingine huzima?

Ningependa tuache picha hiyo, kwa sababu yote mawili hufanya kazi muda wote. Moyo una mdundo wake wenyewe. Ukikatiwa neva zote, kwa mtu mzima hupiga kama mara 100 kwa dakika. Unapopumzika hupiga 60 au 70 kwa sababu neva ya vagasi, kubwa kuliko zote za parasimpathetiki, inaushikia breki. Shika kifundo cha mkono, usikilize mapigo huku ukivuta pumzi polepole na kuitoa. Ukivuta yanakazana kidogo, ukitoa yanalegea, hasa ukiwa kijana. Hapo unaigusa vagasi kazini.

Mwaka 1921 Otto Loewi, huko Graz nchini Austria, aliisisimua vagasi kwenye moyo wa chura hadi ukapunguza mwendo. Akachukua maji yaliyouzunguka, akayamimina kwenye moyo wa chura mwingine, nao ukapunguza mwendo. Neva ilikuwa imetoa kemikali, ambayo leo tunaiita asetilikolini. Ishike hiyo, tutaikuta tena chini.

Baba ana kisukari miaka mingi. Akiinuka kitandani anayumba, mara mbili ameanguka. Ni uzee?

Msimsingizie uzee kabla ya kumpima. Mtu akisimama, damu ya nusu lita au zaidi hushukia tumboni na miguuni. Vipima presha vilivyomo kwenye mishipa ya shingo na kifua hutoa taarifa, na simpathetiki huibana mishipa ndani ya sekunde chache. Kisukari cha muda mrefu huziharibu neva hizo. Apimwe presha akiwa amelala, kisha ndani ya dakika 3 baada ya kusimama. Ya juu ikishuka kwa 20, au ya chini kwa 10, tatizo limejionyesha. Daktari wake apitie pia dawa anazotumia, kwani nyingine huongeza tatizo. Kwa sasa akae kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe miguu, ndipo ainuke.

Shikamoo daktari. Shemeji alipulizia nyanya dawa bila kujikinga. Jioni akatokwa mate na jasho jingi, akaharisha, macho yakaona ukungu. Majirani walisema malaria.

Marahaba. Swali hili limenikaa moyoni, maana kuchelewa hapa kunaua. Baadhi ya dawa za wadudu, hasa za kundi la organofosfati, hukizuia kimeng'enya kinachoivunja asetilikolini. Kemikali ile ya Loewi hurundikana: mate, machozi na ute wa mapafuni vinamwagika, tumbo linaendesha, moyo mara nyingi unapunguza mwendo. Jasho ni la simpathetiki, ila tezi zake nazo hupokea asetilikolini, kwa hiyo linatoka pia. Niliwahi kumpokea mgonjwa wa namna hii usiku, chumba kina giza, na mboni zake zilikuwa nukta kama ncha ya kalamu. Malaria haifanyi hivyo.

Kinachoua ni pumzi, kwa kuwa mapafu yanajaa ute na misuli ya kupumulia inalegea. Hospitalini hupewa atropini, inayoziba milango ya asetilikolini, pamoja na hewa ya oksijeni. Nyumbani mvueni nguo zilizolowa dawa, nanyi mkiwa mmevaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi. Mwosheni kwa maji mengi na sabuni. Msimnyweshe maziwa wala kumtapisha. Mpelekeni mara moja, na chupa ya dawa ile mwende nayo ili wauguzi wasome lebo.