Usimkatie paka tiketi ya Julai

Mkataba wangu wa kazi Maskati uliisha Julai. Nikauza friji, nikagawa masufuria, na paka wangu Simsim nikamtafutia nafasi upande wa kago. Wakala akapokea hela: "Hamna shida, dada." Siku ya safari, saa nane mchana, kipimajoto cha pale ghalani kinasoma 43. Kijana wa zamu akamtazama Simsim usoni, akarudia karatasi, akatikisa kichwa. Simsim ni chotara wa Kiajemi, pua imebonyea kama kapigwa kofi, na shirika lile halipokei wanyama wa pua bapa msimu wa joto. Mimi niliondoka usiku uleule. Yeye akabaki mpaka Novemba.

Nilimchukia yule kijana wiki nzima. Leo nasema alimwokoa paka wangu. Aliyenikosea ni wakala, aliyechukua fedha bila hata kuuliza ni paka wa namna gani.

Wengi wetu tunaogopa kule juu angani. Kumbe chumba wanamowekwa wanyama kina mgandamizo wa hewa sawa na wa abiria, joto lake hudhibitiwa, na rubani hupewa taarifa kwamba amebeba kiumbe hai. Kasheshe iko chini. Tundu la mnyama linatolewa ghalani, linapanda toroli, linasubiri kwenye lami pembeni ya ndege, kisha linaingizwa mahali ambapo milango imeachwa wazi muda wote wa kupakia. Ndege ikichelewa kuondoka, joto lote lile limo humo. Lami ya Maskati ya saa nane mchana ukiikanyaga na ndala, unasikia soli inalegea.

Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi, anapoa kwa kuhema, na hewa ikiwa na unyevu kama ya pwani, kuhema kwenyewe hakumsaidii sana. Huyu wa pua bapa ndiyo kabisa, njia yake ya hewa imebanwa tangu kuzaliwa. Mwaka 2010 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ilitoa hesabu ya mbwa waliofia safarini kwa ndege ndani ya miaka mitano: karibu nusu walikuwa wa pua fupi.

Sheria ya Marekani, wakati wa kumtoa mbwa au paka ghalani kumpeleka kwenye ndege, haitaki akae kwenye joto linalozidi nyuzi 29.5 kwa zaidi ya dakika 45. Baridi nayo ina mpaka wake: chini ya nyuzi 7.2 lazima daktari wa mifugo athibitishe kwa maandishi kwamba mnyama ameizoea. Sasa pima hiyo 29.5 na Dar ya Februari mchana. Huku kwetu sheria hiyo haitufungi, lakini mwili wa mbwa ni uleule. Tafuta ndege inayoondoka usiku na kutua kabla jua halijachoma, na ukiweza isiwe ya kuunganisha, maana kila kituo ni lami nyingine.

Kwa hiyo kabla hujalipa chochote, liulize shirika lenyewe, si wakala, kama mwezi huo wanapokea aina ya mnyama wako, na jibu liwe la maandishi. Kibali cha kuingiza mnyama nacho kina tarehe ya mwisho. Changu kilikufa Simsim akiwa bado Maskati, nikaanza upya.

Tundu nililonunua mara ya kwanza lilikuwa la vibanio vya plastiki. Safari ya pili nilifunga kwa boliti na nati. Kanuni za IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, zinataka mnyama aweze kusimama, kugeuka na kulala humo bila kujikunja. Liweke sebuleni wiki kadhaa mapema, mlango wazi, chakula humohumo, mpaka alione ni chumba chake. Maji ya bakuli yagandishe, yayeyuke taratibu badala ya kumwagika toroli inapoyumba. Tandika khanga uliyoivaa, usiifue. Dawa ya usingizi usimpe: inashusha presha na kuvuruga pumzi, na mashirika mengi yakimwona amelewa hayampokei.

(Kozi wa Waarabu, wale ndege wao wa kuwindia, ndio mabwana. Kule Emirati kozi hao wana pasipoti zao, na hukaa kabini na wenye nao. Simsim alizaliwa paka, basi.)

Jambo ambalo karibu nilikosee hata mara ya pili ni siku ya kutua. Wakala mpya alinipangia Ijumaa usiku. Nikajiuliza: mkaguzi wa mifugo asipokuwepo mpaka Jumatatu, mnyama atalala wapi? Nikahamishia Jumatano. Saa nne asubuhi ya Alhamisi nilikuwa nimempakata, kanichunia, hanitazami.

Na kama mkataba wako unaishia katikati ya kiangazi, mtafutie mnyama mwenyeji mapema, na chakula chake cha miezi mitatu minne. Mimi shoga yangu nilimpigia saa tisa mchana, niko kago na tundu mkononi, ndege yangu saa tano usiku. Alikuja na teksi, amevaa dera la jikoni, mikono ina unga. Mpaka leo hajaacha kunisimanga.